Pabu nne za kuotea moto York: mwende ipi, na nani

Kila ikikaribia Disemba simu yangu inaanza, mara binamu yupo Coventry, mara rafiki kaja masomoni Sheffield, mara shemeji anapita na familia, na wote wanauliza kitu kimoja: tunakuja York siku moja tu, tuingie pabu ipi, yaani zile baa za Kiingereza, yenye ule moto wa ukutani? Mi nakaa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, treni mpaka York ni kama dakika 25, na baridi za huku nyingi nimezimalizia kule. Halafu kwetu ni Njombe. Mtu wa Njombe humfundishi kuota moto jamani, mwezi wa saba asubuhi majani yamegandia barafu, wote tunajua nafasi nzuri jikoni ni ipi na kwa kawaida anakaa nani. Kwa hiyo hili swali nalichukulia kwa uzito na nimeamua niliandike mara moja, niwe natuma hii.

Wengi wanachagua pabu kwa umri, wanataka ile kongwe kuliko zote, wapige picha, basi. York umri upo kila kona, mji wenyewe Waroma waliuanzisha mwaka 71, Waviking wakauteka 866, kanisa kuu la Minster lilijengwa kuanzia karibu 1220 mpaka likawekwa wakfu 1472, sasa ukianza kushindanisha miaka hutamaliza leo. Mi nasema chagueni kwa mambo mawili tu, mko wangapi na mtafika saa ngapi. Kwa sababu moto wa ukutani una tabia yake. Joto lake kubwa linapanda na bomba la moshi linaenda zake juu, kinachokufikia wewe ni ule mwako wa moja kwa moja, unakupiga usoni na magotini huku mgongo umebaki na baridi yake. Ukikaa mita nne nyuma utauona moto lakini hutauota. Na mbele ya meko yoyote zinaenea meza mbili, zikizidi sana tatu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hamjatoka stesheni ni hili, je, kwa idadi yetu na saa hii, tutapata zile meza? Pabu zote nne hapa chini moto upo, tofauti ni nani atakayeufikia.

Naanza na Blue Bell, mtaa wa Fossgate, kwa sababu ndiyo naipenda na sitaki kujifanya sina upande. Kutoka nje unaweza kuipita, ni mlango mmoja mwembamba umebanwa katikati ya majengo. Jengo ni la 1798 ila ndani ni kama walivyoacha mafundi wa 1903, mbao zimepigwa vanishi mpaka zinang'aa, chumba kidogo mbele, chumba kidogo nyuma, na korido pembeni yenye kidirisha cha kuagizia. Serikali imelisajili kwenye daraja la pili lenye nyota, yaani hata ukuta wa ndani huwezi kuugusa bila ruhusa, na ndiyo maana hakuna aliyevunja kuta akatengeneza ukumbi mmoja mkubwa kama walivyofanya pabu nyingine nyingi Uingereza. Na hapo ndipo uzuri wa moto wake ulipo. Chumba kikiwa kidogo hivyo, moto mdogo tu unatosha, hakuna kiti kilicho mbali, hata aliyekaa nyuma ya mlango anaupata. Nimeshakaa pale Jumanne moja ya Januari saa tisa alasiri tukiwa watu watano tu chumba kizima, wazee wawili wanabishana habari za farasi, mi na mke wangu tumevua makoti na baadaye hata sweta, na nje mvua ile ya barafu inapiga kioo. Sijawahi kuhisi niko nyumbani kwa watu kiasi kile katika nchi hii.

Lakini sikia, hii si pabu ya kundi. Mkiwa wawili, poa kabisa. Watatu, sawa. Mkifika watano mmeshajaza chumba na wenyeji wanakosa pa kukaa, na kusema ukweli hata nyinyi wenyewe hamtafurahia, mtasimama koridoni mmeshika glasi. Nane msijaribu. Pia msiende mkitegemea kushiba pale, kuleni kwanza, mtaa wa Fossgate umejaa migahawa huku na huku. Na mtoto mdogo simshauri, hakuna pa kukimbia na moto uko karibu mno.

Sasa mkiwa wengi, au mmekuja na mzazi, nendeni Black Swan pale Peasholme Green. Kutoka Blue Bell ni mwendo wa dakika tano mpaka saba kwa miguu. Hii ni nyumba ya mbao na plasta za zamani haswa, ghorofa ya juu imejitokeza mbele kuliko ya chini, ilikuwa makazi ya familia ya Bowes, na William Bowes alikuwa meya wa York mwaka 1417. Baadaye wakakaa wazazi wa Jenerali James Wolfe, yule aliyefia Quebec 1759 wakati Waingereza wanawanyang'anya Wafaransa Kanada. Sakafu imeinama, milango mifupi, mrefu inamisha kichwa.

Meko ya pale ndiyo nataka muyaone. Ni makubwa, yale ya enzi ambazo moto ulikuwa ndio jiko la nyumba nzima, uwazi wake mpana kiasi kwamba nafikiria chungu cha harusi kingeingia. Meko ya namna hii yanatupa joto kwa upana, hayalengi sehemu moja, kwa hiyo watu sita wanaweza kukaa nusu duara na wote wakapata. Mama mkubwa alipokuja kututembelea, hanywi pombe, hajawahi kuingia baa maisha yake yote na hakutaka kuingia, nilimwambia mama twende ukaote moto tu ukichoka tunatoka. Aliingia, akatazama yale meko kimya, akavuta kiti, akasogeza miguu, akasema "Kumbe na hawa wanaota." Tulikaa masaa mawili na nusu. Aliomba chai, sisi tukala nyama ya kuoka na ile mikate yao ya Yorkshire iliyofura kama bakuli, mchuzi unamiminwa humo ndani. Nyumbani Njombe mpaka leo akisimulia safari yake ya Ulaya anaanza na yale meko, mengine yanafuata.

Wanasimulia pia kwamba kuna mzimu wa mwanamke mwenye gauni refu jeupe, anaonekana amesimama anautazama moto. Mi sijamuona, ila mama mkubwa nilimweleza tukiwa ndani ya treni kurudi, si pale pale.

Ukiziweka hizi mbili pamoja tofauti inaonekana haraka. Blue Bell joto linatokana na udogo wa chumba, Black Swan linatokana na ukubwa wa meko. Blue Bell mnaongea na watu msiowajua mtake msitake maana magoti yanagusana, Black Swan mnaweza kukaa kona yenu mkaongea Kiswahili chenu mpaka jioni. Kwa chakula Black Swan inashinda bila ubishi. Kwa mazungumzo Blue Bell. Na kwa mtu ambaye hajazoea baa, mzazi, mtu wa dini, mtoto wa miaka kumi, Black Swan haina haraka, inafanana na sebule kubwa ya mtu kuliko baa. Ila iko pembeni kidogo ya njia wanayopita watalii, na mtu akiona barabara ya magari mbele anadhani amepotea, hujapotea, endelea.

Ya tatu ni Guy Fawkes Inn, High Petergate, yaani Minster iko hapo hapo, ukitoka mlangoni unainua shingo. Hii ndiyo wengi wanaitaka kabla hata hawajaiona kwa sababu ya jina. Guy Fawkes ni yule jamaa aliyekamatwa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 chini ya jengo la bunge London akiwa na mapipa 36 ya baruti, akauawa Januari 1606, na mpaka leo kila tarehe 5 Novemba Uingereza nzima inawasha mioto na fataki. Pabu inasema alizaliwa hapo. Sehemu nyingine mji huo huo nayo inadai, tuwaachie wenyewe. Lenye maandishi ni ubatizo, tarehe 16 Aprili 1570, kanisa la St Michael le Belfrey ambalo liko ng'ambo ya mtaa kutoka mlango wa pabu. Na shule aliyosoma, St Peter's, ipo mpaka leo York, na kwa desturi yao sanamu yake hawaichomi tarehe 5 kama wanavyofanya wengine, mwanafunzi wao ni mwanafunzi wao. Hilo limenigusa sana siku niliyolijua.

Ndani kuna giza zuri. Taa za gesi, mishumaa mezani, mbao nyeusi, na moto unawaka hapo katikati ya giza, kwa hiyo kwa macho hii inazishinda zote nne, hata Blue Bell yangu. Kwa wapenzi, kwa siku ya kuzaliwa, kwa mtu unayetaka kumwambia jambo zito, ni hapa. Usiku wa Novemba ukungu umeshuka nje na kengele za Minster zinapigwa halafu wewe uko ndani na mshumaa, nakuhakikishia hilo halisahauliki. Chakula kipo, pai na vitu vya namna hiyo, na juu kuna vyumba vya kulala kama mnataka kulala katikati ya mji kabisa.

Ila kwa kuota moto kama kuota, iko chini ya Black Swan. Sababu ni pale ilipo. Kila mtalii anayetoka Minster anapita mlangoni, meza za karibu na moto zinakuwa zimekaliwa na watu wanaokula, na anayekula haondoki mapema. Mkitaka hii wekeni nafasi mapema, na mkipiga simu semeni waziwazi kwamba mnaomba meza ya karibu na moto, msione aibu, wanaulizwa kila siku. Usiku wa tarehe 5 Novemba yenyewe kila mtu anapata wazo moja na wewe.

Ya nne ni Phoenix, mtaa wa George Street, chini kabisa karibu na ukuta wa mji upande wa Fishergate. Ukuta wa York unazunguka kama kilomita 3.4 na unatembea juu yake bure, na mi napenda kumalizia matembezi upande huu, mguu umechoka, pua imeganda, unashuka ngazi na Phoenix hii hapa. Moto upo, chumba cha mbele ni kidogo na cha zamani, nyuma kuna nafasi zaidi, na sifa yake kubwa ni muziki wa jazz wa laivu. Wageni ni wachache, wengi ni watu wa mtaa. Hapa si pa kula pia. Mnaopenda muziki na hamjali kukaa mbali kidogo na meko njooni huku, wakianza kupiga saksafoni na moto unawaka utasahau baridi hata kama kiti chako kiko nyuma. Kwa wasiopenda kelele ulizeni kwanza siku hiyo kuna bendi au hakuna. Nikiulizwa kati ya hii na Guy Fawkes kwa watu wanne vijana Jumatano usiku, nasema Phoenix mara mia.

Mtaniuliza na zile maarufu nyingine. Ye Olde Starre Inne pale Stonegate ina leseni tangu 1644 na ile bango lake limevuka mtaa mzima juu ya vichwa vya watu, ni nzuri, lakini uzuri wake hasa ni ule uwanja wa nje unaoona minara ya Minster, iacheni kwa ajili ya Juni. King's Arms iko ukingoni kabisa mwa mto Ouse, mto ukifurika maji yanaingia ndani, wameweka alama za vimo vya mafuriko hapo ndani na ile ya 2000 inatisha, nayo ni ya kiangazi, kukaa nje na kuning'iniza miguu. Na hiyo ni ya Samuel Smith, kampuni ya bia ya Tadcaster tangu 1758, wao wana sheria zao za kutotumia simu ndani, kwa hiyo mpiga picha ajiandae.

Kuhusu kinywaji, maana wengi mnakwama hapa. Bia yenyewe ya pabu hizi ni ile ya pipa, inavutwa kwa mkono kutoka chumba cha chini, haina gesi nyingi. Nyumbani mhudumu anakuuliza ya moto au ya baridi, hii ni katikati, kama nyuzi 12 hivi, na mkiionja na akili ya Kilimanjaro iliyotoka kwenye friji mtasema imeharibika. Haijaharibika. Ipeni dakika kumi mbele ya moto mtaielewa, ile baridi kali ya friji inaua ladha na siku ya barafu nani anaitaka? Timothy Taylor inatoka Keighley, Theakston na Black Sheep zote zinatoka mji mdogo wa Masham, zote ni za huko huko Yorkshire na mtakutana nazo sana. Painti ni mililita 568, kuzidi kidogo chupa yetu ya 500, ukiogopa omba nusu, hakuna atakayekucheka. Bei ni kama pauni 5 na kuendelea kwa painti. Msikae mezani mkisubiri mhudumu, mnaenda kaunta wenyewe, mnalipa hapo hapo, na desturi yao mtu mmoja ananunulia meza nzima halafu zamu inazunguka, kwa hiyo mkiwa sita hesabuni kabla hamjaanza. Asiyekunywa pombe hana shida yoyote, soda, juisi, na sehemu nyingi chai au kahawa vipo, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Sigara ndani ilipigwa marufuku Uingereza tangu Julai 2007, kwa hiyo wazee wenye kifua waje bila wasiwasi.

Kitu kingine, eneo kubwa la York ni la kudhibiti moshi, kwa hiyo msishangae mkikuta meko yana makaa mekundu yasiyo na moshi badala ya magogo yanayolipuka cheche. Hayana mbwembwe lakini yanakaa na joto muda mrefu, na kwa kuota ndiyo yanafaa. Msichokoe moto wenyewe. Najua mkono unawasha, mi pia, ila moto wa pabu una mwenyewe, muombeni aongeze, ataongeza.

Saa sasa. Disemba kule jua linazama kama saa tisa na dakika 40 alasiri, na giza likiingia watu wote wa mji wanapata wazo moja. Kwa hiyo muwe mmeshakaa saa nane na nusu. Jumamosi ziogopeni, zinakuja sherehe za kuaga ubachela kutoka kaskazini yote, na kuanzia katikati ya Novemba mpaka siku chache kabla ya Krismasi kuna soko la Krismasi mitaa ya katikati, hapo hata Blue Bell saa sita mchana inaweza kuwa imejaa. Januari ndiyo mwezi wenyewe, wikiendi zimetulia, katikati ya wiki ndiyo raha tupu, na baridi iko kileleni.

Shemeji aliyeuliza wiki iliyopita anakuja na mke, watoto wawili na mama yake, Alhamisi. Nimemwambia hivi: mkishuka treni vukeni daraja la Lendal mwende Minster kwanza, kama dakika 15 kwa miguu, mzunguke humo mpaka saa saba na nusu, halafu teremkeni Goodramgate mpaka Peasholme Green mwingie Black Swan kabla ya saa nane, mama akae upande wa ukuta wa meko asipigwe na upepo wa mlango, mle hapo. Saa kumi na moja mama akichoka na watoto wakisinzia, mke awarudishe hotelini. Wewe na mi tukutane Blue Bell saa kumi na mbili. Tutakuwa wawili tu, tutaenea.